Babu kaacha taa ya reli na kaseti ya nyimbo za genge, baba mdogo anataka kuuza. Naombeni ushauri

Mwana wa Malongwe

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za leo.

Babu mzaa baba tulimzika mwezi wa tatu. Maisha yake yote ya kazi yaliishia Reli ya Kati: aliingia kibarua wa genge, yaani kikosi cha kutunza njia ya reli, upande wa Malongwe, akastaafu akiwa nyapara. Tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta taa ya mkono, kipenga, tikiti kumi na nne za kadi ngumu zile ndogo, na kaseti moja iliyoviringishwa kwenye leso. Juu yake kaandika kwa wino: "Nyimbo za kazi".

Taa ina herufi EAR&H zimegongwa ubavuni. Ukizungusha juu, vioo vinapishana kwa ndani, chekundu, kijani, kisha cheupe, na bado inanuka mafuta ya taa. Nikiwa mdogo nilikuwa naenda kwake likizo. Usiku treni ya Kigoma ikisikika kwa mbali, babu alikuwa anaiwasha taa hiyo na kutoka nje, ilhali ameshastaafu. Anasimama pale, haongei na mtu, mpaka behewa la mwisho lipite.

Sasa kuna mnunuzi kaja mara mbili anataka sanduku zima na vilivyomo. Baba mdogo anasema tuuze tugawane. Bibi hajasema neno. Mimi roho inaniuma. Nianzie wapi? Na kaseti naogopa kuiweka kwenye redio isije ikakatika.

Tikiti ya Kadi

Poleni sana kwa msiba. Kwanza ujue ulichonacho, ndipo ubishane na baba mdogo.

Hizo herufi ndizo umri wa taa. Shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki liliundwa 1948, pale Reli ya Tanganyika ilipounganishwa na ya Kenya na Uganda. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, reli ikabaki shirika lake peke yake, hadi Jumuiya ilipovunjika 1977 na kila nchi ikashika njia zake. Kwa hiyo taa yenye EAR&H ni ya kati ya 1948 na 1969. Ukiona TRC (Shirika la Reli Tanzania) kwenye kitu, hicho ni cha baada ya 1977.

Nakusihi usiisugue. Watu wakirithi kitu kama hicho hukimbilia msasa na rangi mpya, wakidhani wanaiheshimu. Kwa mkusanyaji, rangi ya mwanzo iliyochubuka na masizi ya ndani ndiyo ushahidi kwamba taa ilifanya kazi, maana siku hizi zipo taa za mapambo zinazogongwa herufi za zamani. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, mwaga mafuta yaliyobaki, basi. Tikiti usizipige plastiki wala gundi. Ziweke kwenye bahasha, kila moja yake, mbali na jua. Angalia ukingoni utakuta tarehe iliyogandamizwa na mashine ya stesheni, na tundu la koleo la mkaguzi. Andika namba ya kila tikiti na inakotoka hadi inakokwenda. Huenda ukaiona safari moja ya babu yako mwanzo hadi mwisho.

Kijana wa Urambo

Mimi nasema uzeni, lakini msiuze jumla. Anayetaka sanduku zima ameshaona kitu humo ambacho ninyi hamjakiona. Kama kuna ada za watoto zinadaiwa, kipenga na nusu ya tikiti vinaweza kwenda, na babu hatawalaumu. Ila mtafute barua yake ya kustaafu muiweke pamoja na vitu. Mali ya reli ina kesi, mtu asije akawauliza mmeipata wapi mkakosa la kujibu.

Mstaafu wa Njia

Marahaba mjukuu. Mimi nimeshika mtarimbo miaka mingi, nitasema juu ya kaseti tu.

Watu wanadhani tulikuwa tunaimba kwa furaha. Wimbo ulikuwa chombo cha kazi kama sururu. Reli ya ratili 60 kwa yadi ni karibu kilo 30 kwa kila mita, kwa hiyo kipande cha mita 12 kinapita kilo 350. Mkikisukuma kwa mitarimbo watu wanane, kila mmoja kwa wakati wake, hakiendi, na atakayeteleza kinamvunja mguu. Mwimbishaji anatupa swali, genge linajibu, na jibu linaangukia palepale mikono inapovuta. Kushindilia kokoto chini ya mataruma kulikuwa na mwendo mwingine, mfupi zaidi. Mwimbishaji mzuri alikuwa anaangalia migongo ya watu. Akiona wamechoka anapunguza mwendo, na nyapara mwenye akili hamgombezi.

Sasa treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma tangu 2024, nami nimeipanda na nimefurahi. Lakini njia inatunzwa kwa mashine, nyimbo zile hakuna anayezihitaji tena kazini. Taa zipo nyingine duniani. Sauti ya babu yako ni hiyo moja. Na bibi yako kama aliishi kambi ya genge, majibu anayajua. Muulize yeye kabla ya kumuuliza mnunuzi.

Fundi Sauti

Kaseti: vunja vile vidude viwili vya plastiki ukingoni ili isifutike kwa bahati mbaya. Ingiza penseli kwenye tundu, zungusha taratibu uone kama utepe umeganda. Ukiona ukungu mweupe, usiicheze, mpelekee fundi. Ikiwa safi, tumia redio iliyosafishwa kichwa kwa spiriti, na urekodi mara ya kwanza kabisa unapoicheza. Nakala weka sehemu mbili tofauti.

Mwana wa Malongwe

Asanteni sana wakuu. Mrejesho.

Tumekubaliana na baba mdogo hakuna kinachouzwa hadi arobaini ya pili ya mwaka huu ipite, maana tuna msiba mwingine wa shangazi. Tikiti nimeziandika zote. Tisa ni Malongwe kwenda Tabora.

Jana jioni nilicheza kaseti bibi akiwa kwenye mkeka anachambua mchele. Babu akaimba, "Uvinza wameleta nini?" Genge likajibu, "Chumvi!" Akauliza tena, "Tabora wanatoa nini?" Kabla kaseti haijajibu, bibi akasema kwa sauti, "Asali!" Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kuna wimbo hakuuweka humo, ule waliouimba mtu wa genge akifia njiani, na kwamba wanawake ndio walioujibu.

Akaomba maji. Akasema nije kesho na simu yangu ikiwa na chaji.