Chumba cha mafumbo kwa watoto hapa Tanga: niagize boksi au nimpe fundi achonge?

binti_chumbageni
Habari za jioni wana Tanga. Nataka kuwafanyia watoto chumba cha mafumbo, ule mchezo mnaingia ndani mnatafuta vidokezo mpaka mfumbue kisa ndio mtoke. Dada yangu yupo Ujerumani anaweza kuniletea boksi la EXIT, mchezo kama huo ila wa kucheza mezani kwa kadi na karatasi, au nimpe seremala anichongee visanduku, mafumbo nitunge mwenyewe. Kipi bora? Dada anasafiri Jumatatu.

fundi_makufuli
Dada hujasema watoto wangapi, umri gani, bajeti kiasi gani, chumba chenyewe kikoje. Tukushauri kwa lipi sasa?

Pwani_Moja
Boksi, usijisumbue. Nimecheza EXIT mbili, mafumbo yamepimwa na mkikwama kuna kadi za msaada. Fumbo la kutunga wewe unaliona jepesi kwa sababu jibu unalijua.

mama_wawili_TNG
Pwani_Moja mwambie na hili, boksi lile mkicheza mara moja limekwisha, mnakata karatasi mnakunja mnaandika humo humo. Na likitoka Ujerumani litakuwa la Kijerumani, akijitahidi sana la Kiingereza. Mtoto atafsiri kwanza ndio afumbue?

binti_chumbageni
Samahanini wapendwa. Watoto 9, mdogo miaka 8 mkubwa 14, wanakuja kwa bibi yao likizo ya Desemba. Bajeti laki na nusu. Chumba ni stoo ya bibi hapo Ngamiani, mlango mmoja, dirisha lina nondo.

fundi_makufuli
Stoo ya mlango mmoja na nondo HAPANA dada yangu. Ngoja nikwambie yaliyonikuta. Mwaka juzi nilikuwa Nairobi kikazi tukaenda chumba kimoja cha haya mambo, watu sita, tukafungiwa kwa ufunguo wa kawaida, kijana msimamizi akasema anatuona kwenye kamera. Tukafika sanduku la mwisho, namba tunazo 4-1-7 na tuna uhakika nazo, kufuli haifunguki, kumbe kigurudumu cha kati kimelegea kinaruka. Tunapunga mikono kwenye kamera, kimya. Mara umeme ukakatika. Mwenzetu ana pumu na dawa yake ya kuvuta ipo kwenye mkoba tulioambiwa tuuache nje. Tuligonga mlango karibu robo saa mpaka kiganja changu kikavimba, kijana alikuwa ametoka kununua chakula na ufunguo upo mfukoni mwake. Tangu siku hiyo nikisikia mchezo wa kufungiana naingiwa na hofu. Na kule Poland Januari 2019, mji wa Koszalin, wasichana watano wa miaka 15 walikufa kwa moto ndani ya chumba cha namna hiyo. Watoto wafungue visanduku, mlango uache wazi.

mama_wawili_TNG
Mungu awarehemu. Binti msikilize fundi.
Mimi Idi iliyopita niliwafanyia wanangu na binamu zao sebuleni, mlango wazi. Nilitundika kanga ya WEMA HAUOZI nikaikunja jina lisionekane, pembeni saa ya ukutani nimeitoa betri, mshale mfupi kwenye 10. Kidokezo kinasema hesabu herufi za kila neno kisha tazama saa. Wakapata 4, wakapata 6, kwenye saa mtoto wa Dar akasema kumi, kumi haiingii kwenye kufuli ya namba tatu, wakazunguka weee, mpaka binamu yao wa Pangani akapiga kelele "saa nne hiyo!" 464, kufuli ikafunguka. Furaha ile boksi la Ulaya halikupi.

Pwani_Moja
Sasa huyo aliyesema kumi amekosea nini? Shuleni anafundishwa hivyo hivyo. Ndio maana nasema fumbo lipimwe na watu wengine kwanza.

mama_wawili_TNG
Hajakosea, na hakuna aliyemwambia amekosea. Ndio utamu wa fumbo huo, anajua kusoma saa kwa namna mbili kwa mpigo.

jabali_la_amboni
Mnahangaika na masanduku na mapango ya Amboni yapo kilomita 8 tu kutoka mjini. Giza, popo, mwongozaji na tochi, mtoto gani atataka kanga? Kisa weka Vita vya Nyuki, Novemba 1914, barua ya askari imepotea waitafute. Nyuki waliwafukuza Waingereza hapa hapa Tanga.

Pwani_Moja
Nyuki waliuma pande zote mbili mkuu, soma vizuri. Waingereza walikuja na askari kama 8,000, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000, na bado Waingereza wakashindwa kwa kupangwa vibaya. Msiwape nyuki sifa zote.

jabali_la_amboni
Babu yangu alisimulia tofauti.

binti_chumbageni
Barua ya 1914 nimeipenda mno, nitaiandika kwa maji ya limao waipashe na pasi, mtu mzima akiwepo. Stoo nimeachana nayo, nawaza uani kwa bibi. Nimeongea na seremala wa barabara ya tisa, visanduku vitatu vya plaiwudi anataka elfu sabini. Dada bado sijamjibu, roho inasema achukue na boksi kwa ajili ya wale wakubwa. Ila kufuli za namba tatu nimezunguka Ngamiani nzima nimepata za namba nne tu.

fundi_makufuli
Chukua hizo hizo. Ya tatu ina namba 1,000 tu, watoto tisa wakipokezana kuanzia 000 watafika. Ya nne 10,000, lazima wafumbue. Izungushe mara ishirini dukani kabla hujalipa.

mama_wawili_TNG
Basi itabidi utafute kanga ya maneno matatu, saa itoe namba ya nne.

jabali_la_amboni
Na Amboni mnakwenda siku gani? Nina watoto wawili wangeungana nao.