Tizi la Ukoo 💪

Jumapili

Dada Zuhura 20:14
Habari za jioni wote. Juma anafunga hesabu, Nuru ana mitihani, Mama Mdogo yuko zamu za usiku. Ratiba ya dakika 40 imekufa, tusidanganyane. Tunashika ya dakika 10. Someni mpaka mwisho.

Dada Zuhura 20:16
Dakika 2 kupasha mwili: tembea papo hapo, zungusha mabega. Halafu kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10, pushapu 8 (asiyeweza za chini apige za ukutani), planki sekunde 20 (kifudifudi, mwili umenyooka, umejiinua kwa viwiko na vidole vya miguu). Pumzika dakika 1. Raundi 3. Basi.

Dada Zuhura 20:41
Tiki za buluu naziona.

Juma 20:58
Planki napiga kila siku. Chali. Kitandani. Saa sita mfululizo

Nuru 20:58
😂😂😂

Dada Zuhura 20:59
Juma!

Mjomba Hamisi 21:07
Kiti kisiwe cha magurudumu, na kiegemee ukuta. Miguu upana wa mabega. Shuka ukihesabu hadi 3, kalio liguse tu, inuka. Ukijibwaga, mapaja hayafanyi kazi. Shemeji mwenye presha asibane pumzi, atoe pumzi akiinuka. Kuibana kunaipandisha presha ghafla.

Juma 21:10
Lakini 10 mara 7 ni 70. Si walisema dakika 150 kwa wiki?

Mjomba Hamisi 21:15
Ndiyo, Shirika la Afya Duniani, angalau 150 za mazoezi ya wastani. Zilizobaki tembea. Zamani walitaka zisipungue dakika 10 kwa mpigo, mwongozo wa 2020 ukaliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata ngazi za ofisini zinahesabika. Kipimo cha wastani: uweze kuongea ila usiweze kuimba.

Juma 21:16
Mimi siwezi kuimba hata nikiwa nimekaa

Nuru 21:22
Mjomba nimeruka siku 9. Nifidie?

Mjomba Hamisi 21:26
Hapana! Nguvu haipotei kwa siku 9, pumzi ndiyo hutangulia kupungua. Anza na raundi 2. Ukizirundika zote leo, misuli itauma zaidi keshokutwa kuliko kesho, kukaa kutakushinda, na hapo ndipo watu huacha kabisa. Ila ukisikia goti linachoma kwa ndani, hayo siyo maumivu ya mazoezi. Acha.

Dada Zuhura 21:28
Umesikia Nuru. Sasa kila mtu atatuma picha kila usiku kabla ya saa 4, naandaa jedwali.

Juma 21:29
Jedwali tena

Juma 21:29
Kama lile la kilo?

Dada Zuhura 21:30
Lile nililifuta.

Mama Mdogo 21:33
Baada ya siku tatu, Zuhura. Jina langu lilikuwa la kwanza juu.

Dada Zuhura 21:34
_Ujumbe huu umefutwa_

Juma 21:35
Na kamba ya kuruka ya Mjomba iko kwa nani jamani

Bibi 21:52
Zuhura mjukuu wangu. Kilo za mtu ni siri yake. Picha sitaki. Na huyo mtoto wa mitihani mwacheni alale, mwili usiolala haujengeki.

Dada Zuhura 22:09
Sawa Bibi. Samahani Mama Mdogo.

Dada Zuhura 22:11
Basi dole gumba tu ukimaliza. Na msitegemee alamu, mtaizima. Fungeni zoezi kwenye jambo mnalolifanya kila siku: ukishapiga mswaki tu, unaanza. Mkubali tafadhali.

Nuru 22:12
👍

Jumatatu

Dada Zuhura 06:24
👍 Raundi 3. Wengine?

Mama Mdogo 07:50
Mimi ndiyo natoka zamu. Mswaki wangu ni sasa, halafu nalala. Nifanye?

Mjomba Hamisi 08:31
Ukijichosha sasa hivi usingizi unaweza kuchelewa kuja. Lala, ufanye ukiamka.

Dada Zuhura 08:33
Halafu Jumamosi ile ya kutembea dakika 40 ipo au haipo?

Juma 13:17
Kamba bado haijajibiwa