Tupeane uzoefu: ulinunua mnyama dukani, ukagundua baadaye kuwa ni mgonjwa

Mwanzilishi wa mada

Ndugu zangu, nimeona ni vyema tukusanye mahali pamoja visa vya watu walionunua mnyama wa kufuga nyumbani kutoka dukani, kisha wakagundua kwamba alikuja na ugonjwa au kasoro ambayo muuzaji hakuitaja. Anayechangia aeleze dalili ya kwanza aliyoiona, daktari wa mifugo alikuta nini, na duka lilijibu nini lilipoelezwa. Majina ya maduka tuyaache, kwa kuwa msomaji anahitaji kujua ugonjwa unavyojitokeza na namna ya kuuthibitisha, wala hana haja na ugomvi wetu na wafanyabiashara.

Nianze na changu. Nilinunua mbwa mchanga wa kike, mchangamfu, mwenye kadi ya chanjo iliyobandikwa stika moja na kuandikwa tarehe moja. Wiki ya kwanza haijaisha, akaacha kula. Mtu anaweza kudhani kwamba mtoto wa mbwa aliyetulia anapumzika tu, lakini huyu alikuwa amesimama mbele ya bakuli la maji, kichwa kimeinama, mate yanamdondoka, akiyatazama maji bila kuyanywa. Usiku akatapika povu la manjano, na alfajiri akaanza kuhara damu yenye harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Daktari alichukua kinyesi kidogo kwa kijiti cha pamba, akakipima kwa kile kipimo cha haraka, na baada ya dakika chache mstari wa pili ukajitokeza: parvo.

Maelezo ya daktari siku ile ndiyo niliyoyategemea baadaye katika kudai haki. Virusi vya parvo kwa kawaida huchukua kati ya siku 3 na 7 tangu vimwingie mbwa hadi dalili zionekane, ingawa huweza kufika siku 14. Hushambulia chembe zinazogawanyika kwa kasi, yaani zile za utando wa utumbo na zile za uboho zinazotengeneza chembe nyeupe za damu, ndiyo maana mtoto wa mbwa hupoteza maji na kinga kwa wakati mmoja. Kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku alipoanza kuugua, ilielekea sana kwamba aliambukizwa angali dukani au akiwa njiani kupelekwa huko.

Kadi yenyewe haikuwa ya kughushi, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili kutoka katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake. Kingamwili hizo humlinda wiki za mwanzo, lakini pia huizima chanjo anayochomwa mapema, na bila kupima damu hakuna awezaye kusema zitakwisha lini. Kwa sababu hiyo chanjo huanza akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize angalau wiki 16. Muuzaji anayesema "amechanjwa" kuhusu mbwa wa wiki 8 anasema kweli, ila ni kweli isiyomlinda mbwa.

Duka lilianza kwa kudai kwamba nilimbadilishia chakula. Nilipowasilisha barua ya daktari inayoonyesha tarehe ya kununuliwa, ya dalili ya kwanza na ya kipimo, lugha ilibadilika, nikaonyeshwa kifungu cha dhamana kinachosema nimrudishe nipewe mwingine, kana kwamba nimeleta pasi iliyoungua. Nilikataa kumrudisha, nikadai gharama za matibabu, nao wakalipa sehemu yake. Mbwa aliwekewa dripu, akapewa dawa ya kuzuia kutapika pamoja na antibiotiki, si kwa ajili ya virusi bali kwa ajili ya bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochubuka. Alipona.

Mwenye Paka

Pole sana, na hongera kwa kupona kwake. Kisa changu kinatofautiana kidogo, kwa sababu paka wangu hakuambukizwa kitu. Ni wale paka wenye masikio yaliyokunjika kuelekea mbele, ambao huwafanya watu wasimame nje ya kioo cha duka na kutabasamu. Daktari wa duka alimpa cheti cha afya njema, na kwa hakika hakuwa na viroboto, minyoo wala homa.

Alipokaribia kutimiza mwaka, niliona kwamba haruki tena kwenda dirishani. Alikuwa akipanda kwanza kwenye kiti, anasita, anaweka miguu ya mbele kwenye kizingiti cha dirisha, halafu anaishusha na kuondoka kana kwamba hakuwa na nia hiyo tangu mwanzo. Mkia wake pia ulikuwa mgumu karibu na shina, na nilipougusa alifoka. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa iliyoota vinundu kwenye vifundo vya miguu ya nyuma na viungo vilivyoanza kuungana.

Daktari alinieleza kwamba jeni inayokunja masikio ni ileile inayoharibu gegedu la mwili mzima. Paka wa kwanza wa ukoo huu alipatikana Uskoti mwaka 1961, na tangu hapo watu wamekuwa wakizalisha sura ile bila kuweza kuitenganisha na ugonjwa wake. Kila paka mwenye masikio ya namna hiyo anayo kasoro hiyo kwa kiwango fulani, ingawa wapo wasioonyesha maumivu mapema. Hakuna tiba ya kuiondoa, na anachopata wangu ni dawa za kupunguza maumivu, ngazi ndogo ya kupandia dirishani, na chombo cha haja chenye ukingo mfupi.

Nilipokwenda dukani nilijibiwa kwamba dhamana inahusu magonjwa ya kuambukiza pekee na kwamba muda wake umekwisha, na kisheria huenda walikuwa sahihi. Linaloniudhi mpaka leo ni kwamba ugonjwa haukufichwa hata kidogo, bali uliwekwa mbele ya kioo na kuuzwa kwa bei ya juu kama urembo.

Sauti ya Kasuku

Wanaofuga ndege wakumbuke kwamba ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, kwa hiyo siku unayoona dalili mara nyingi si siku ya kwanza ya kuugua. Kasuku wangu alikuwa amefumua manyoya mchana wa jua, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, na ile sehemu ya kinyesi ambayo huwa nyeupe ilikuwa imegeuka kijani. Daktari alipompapasa kifua, mfupa wa kidari ulikuwa umejitokeza mkali chini ya manyoya yaliyouficha.

Vipimo vilionyesha bakteria wa jamii ya klamidia, ambao humwambukiza binadamu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka. Katika miaka ya 1929 na 1930 ugonjwa huu ulienea katika nchi nyingi pamoja na biashara ya kasuku na kuua watu. Mimi mwenyewe nilikuwa na homa, kichwa kikiuma sana, na kikohozi kikavu, na daktari wangu alikuwa akinitibu mafua ya kawaida mpaka nilipomwambia kwamba nimeleta ndege mpya nyumbani. Mwambieni daktari wa binadamu jambo hilo hata asipouliza. Ndege hutibiwa kwa dawa ya doksisaiklini kwa siku 45, na asiyemaliza dozi anaweza kuendelea kubeba vijidudu huku anaonekana mzima.

Aliyewahi Kuuza

Nimefanya kazi katika duka la wanyama kwa miaka kadhaa, na naomba maelezo yangu yasichukuliwe kuwa utetezi. Ndugu mwanzilishi, umesema kwamba muuzaji hakuitaja kasoro, lakini mara nyingi duka halijui. Watoto wa mbwa kutoka kwa wazalishaji mbalimbali hupakiwa katika gari moja, wametoka kuachishwa kunyonya, wana hofu na uchovu, na mmoja mwenye kikohozi huwaambukiza wote kabla gari halijafika. Chumba cha kuwatenga wageni kilikuwepo kwetu kwenye ramani ya jengo, ila kilijaa magunia ya chakula.

Yapo hata hivyo mambo tuliyoyafanya tukijua. Watoto wa mbwa wa aina ndogo sana hushuka sukari mwilini wasipokula kwa saa chache, na tuliwapaka asali kwenye ufizi ili wasimame wateja walipofika. Asali ni huduma ya kwanza halali, lakini mbwa anayeihitaji kila asubuhi hapaswi kuuzwa mchana. Tulifuta macho na pua kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kabla ya kufungua mlango, kwa hiyo kutazama pua hakumsaidii mnunuzi sana. Kwa sungura, geuza miguu yake ya mbele utazame upande wa ndani, kwa sababu mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu hiyo na manyoya hugandamana, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kulisafisha.

Swali ambalo wateja hawakuniuliza kamwe ni tarehe ambayo mnyama aliingia dukani. Aliyekaa muda mrefu akila vizuri anafahamika kuliko aliyefika jana, ingawa mteja humpenda wa jana kwa sababu ni mdogo zaidi. Ulizeni pia kama kuna aliyekufa au kuugua katika kizimba hichohicho, kisha mtazame uso wa mfanyakazi anapojibu. Na kipimo cha kinyesi kikionyesha hakuna kitu, kisiwalaze usingizi, kwa kuwa vijidudu vya giadia, vinavyoharisha, havitoki kila siku, ndiyo maana madaktari wengi huomba sampuli za siku kadhaa.

Tangi la Sebuleni

Kwa upande wa samaki, nilinunua wawili nikawatia pamoja na wale niliokuwa nao, na wote wakaota vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi. Vidoa vikipotea msidhani samaki amepona, kwa sababu kimelea huyu hutoka mwilini, hujigawa chini ya tangi, na dawa humuua anapoogelea majini tu kumtafuta samaki mwingine. Endeleeni na dawa baada ya vidoa kutoweka, na samaki mpya akae katika tangi lake pekee kwa wiki kadhaa. Duka halikunijibu lolote, na kwa kweli sikutarajia jibu.

Mama wa Watatu

Mimi nitatofautiana na wengine, kwa kuwa nilimnunua mtoto wa paka nikijua ni mgonjwa. Jicho moja lilikuwa limegandamana kwa usaha, anapiga chafya, na wenzake walikuwa wakimkanyaga wakielekea kwenye chakula. Daktari alisema ni virusi vya jamii ya hepesi ya paka, ambavyo havimtoki maishani, na kweli kila tunapokuwa na wageni wengi au tunapohama, jicho lilelile huanza kutoa machozi. Sijutii. Angebaki pale angekufa, na sidhani kwamba kuna hoja ya kibiashara inayoweza kunishawishi kuwa hilo lingekuwa jambo jema.

Aliyewahi Kuuza

Mama wa Watatu, sikukosoi kwa moyo huo, lakini naomba nieleze upande niliouona mimi. Katika daftari la duka, paka uliyemwokoa aliandikwa "ameuzwa", sawa na mwingine yeyote, na kizimba chake kikajazwa ndani ya wiki ileile. Tungelazimika kumtibu kwa gharama yetu, mwenye duka angeuliza maswali kwa mzalishaji. Kulipofika wateja wenye huruma, hakuuliza.

Nchi kadhaa zimeliona tatizo hili na kuchukua hatua. Uingereza, katika sehemu ya England, tangu Aprili 2020 imepiga marufuku maduka na madalali kuuza mbwa na paka wenye umri chini ya miezi sita, ili mnunuzi aende kwa mzalishaji mwenyewe au kwenye makazi ya wanyama waliookolewa. Ufaransa nayo imezuia maduka ya wanyama kuuza mbwa na paka tangu Januari 2024. Sheria hizo kwa vitendo ni vigumu kumfikia muuzaji wa kwenye simu anayekuomba mkutane maegeshoni, na kwa maoni yangu huyo ni mbaya kuliko duka, maana duka angalau utalikuta kesho.

Mama wa Watatu

Nimekuelewa, na hoja ya daftari sikuwahi kuifikiria. Hata hivyo mtoto wa paka hasomi daftari. Nadhani mwenye uwezo afanye yote mawili: amchukue mnyama, kisha apeleke taarifa ya daktari kwa mamlaka inayosimamia ustawi wa wanyama, akiambatanisha risiti na picha za kizimba. Mimi nilipeleka, na duka lilikaguliwa.

Mwenye Paka

Naomba kuuliza kwa niaba ya jirani yangu, ambaye mbwa wake wa dukani alikufa kwa parvo. Watoto wake wanalilia mbwa mwingine. Je, amlete lini?

Mwanzilishi wa mada

Mpe pole yangu. Virusi vya parvo havisumbuliwi na sabuni wala dawa nyingi za kusafishia sakafu, na huweza kudumu ndani ya nyumba kwa miezi, na kwenye udongo wenye kivuli kwa mwaka au zaidi. Daktari wangu alinielekeza niondoe kwanza uchafu wote kwa maji na sabuni, kisha nipake dawa ya klorini ya kufanyia weupe nguo, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, na niache sakafu ikiwa na unyevu huo kwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Mabakuli, mnyororo na nyayo za viatu vipitie hatua hiyohiyo, na godoro au kitambaa kisichostahimili klorini kitupwe. Udongo hauoshwi hivyo, kwa hiyo uani ategemee jua na ukavu, na hata hapo asiwe na uhakika kamili. Kwa hali hiyo ni salama zaidi achukue mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo zote, na kama watoto hawatakubali ila mbwa mchanga, basi awe amekwisha kupata ile chanjo ya wiki 16 kabla hajakanyaga uani kwake.