Nimpimeje msimamizi wa karakana kabla ya kumwajiri?

Mwenye karakana, Arusha: Shikamooni wakubwa. Karakana yangu ya samani ina mafundi wa kutosha, ila ninahitaji msimamizi atakayeshika randa pamoja nao badala ya kuzunguka na daftari. Nimpimeje?

Fundi Mstaafu: Marahaba. Mpe mlango wa mninga aukague mbele ya mafundi. Anayepitisha kiganja kwenye maungio, akamwelekeza kijana bila kumfokea, huyo anafaa. Vyeti utavisoma baadaye.

Mama wa Moshi: Nakubaliana na mzee, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, kwa hiyo weka humo kipindi cha majaribio, pamoja na mamlaka yake juu ya zamu na vifaa.