Mjadala: Laptopu ya mtumba ya ofisini au mpya ya bei chee, mzazi mwenye laki sita amnunulie mwanae ipi?

Wakuu habari za muda huu. Kila mwaka vyuo vikikaribia kufunguliwa ugomvi huu unarudi, kwenye magrupu ya WhatsApp, vijiweni, mpaka majumbani baba na mama hawaelewani: mtoto anaenda chuo, hela iliyopo ni laki sita hivi, achukuliwe laptopu mpya ya kwenye boksi au ile ya mtumba iliyotumika ofisini Ulaya? Na sasa naona mambo yamepanda ngazi, kuna watu wanataka kabisa serikali ipige marufuku kompyuta za mtumba kuingia nchini kwa madai kwamba tunaletewa takataka. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kufungua hizi mashine na kuzifunga, na msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunipinga asihangaike kuutafuta. Kwa hiyo laki sita chukua mtumba wa ofisini wenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na serikali isizuie kitu ila imbane muuzaji aandike anachouza.

Tuanze na hiyo mpya. Kwa hiyo bei, ukizunguka Kariakoo yote, utakachopewa mara nyingi ni prosesa dhaifu ya Intel inayoitwa Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, na storeji (pa kuhifadhia mafaili) 64GB ya aina ya eMMC. Jina lililoandikwa kwenye mfuniko ni kubwa, linang'aa, ndio maana mzazi anaridhika. Sasa geuza, fungua skrubu za chini. Ile 64GB sio diski unayoweza kuchomoa, ni kachipu keusi kamechomelewa kwenye mazabodi, na RAM nayo kwenye nyingi imechomelewa hapo hapo, hakuna nafasi ya kuongeza hata ukiwa na hela. Ikiwashwa hiyo 64GB inasomeka kama 58 hivi, Windows 11 inachukua kipande chake kikubwa, ukiweka Office na vitabu viwili vitatu vya PDF nafasi inabaki ya kuhesabu kwa vidole. Halafu apdeti inakuja, inadownload, inakosa pa kukaa, inafeli, kesho inajaribu tena, na kila ikijaribu inakula bando la mtoto.

Kuna mama aliniletea moja ya hivyo, nailoni ya kwenye mfuniko bado haijabanduliwa. Binti yake anasoma mambo ya takwimu, akifungua Chrome na Word na SPSS, ile programu ya takwimu, kwa pamoja mshale wenyewe unagoma kutembea. Mama kaja na hela mkononi, fundi niongezee RAM. Nikafungua mbele yake nikamuonyesha, mama pa kuiweka hapapo. Aliuliza mara mbili, yaani mpya haiongezeki? Haiongezeki. Na pale dukani hakuna aliyemwambia, wala kwenye boksi hakuna lugha ambayo yeye angeielewa.

Sasa njoo kwenye mtumba, na hapa nisieleweke vibaya, sisemi mtumba wowote. Nasema zile za kiofisi, ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490, hizi zilitoka mwaka 2018. Makampuni huko nje yananunua au kukodi kwa mamia, baada ya miaka mitatu minne mkataba unaisha wanarudisha zote kwa mkupuo hata kama nzima, ndio maana zimejaa sokoni. Ukizifungua hizo tatu unakuta nafasi mbili za RAM, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) unachomoa kwa skrubu moja, betri inabadilishika, kibodi inabadilishika. T480 ina betri mbili kabisa, moja ndani moja nje, ile ya nje unaitoa mashine ikiwa inawaka na haizimiki. Spea zipo kwa sababu ziliuzwa nyingi mno. Leo unanunua ya 8GB, boom (hela ya mkopo wa chuo) likitoka mwezi fulani unaongeza ikawa 16GB, mashine inakua na mwenye nayo.

Kwa nini nang'ang'ania kizazi cha 8? Kwanza, kabla ya hapo hizi Intel za laptopu nyembamba za ofisini karibu zote zilikuwa na kori (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) mbili tu, hata iliyoandikwa i7. i7-6600U ina kori 2. i5-8350U ina kori 4. Kwa hiyo muuzaji akikuringishia stika ya i7 ya kizazi cha 6 ujue i5 ya kizazi cha 8 inaiacha mbali, na tofauti ya bei kati yao sio ya kutisha. Kizazi unakisoma kwenye tarakimu inayofuata baada ya mstari: 6300U ni cha 6, 7300U ni cha 7, 8350U ni cha 8. Usisome stika, stika zinauzwa. Ingia Task Manager, upande wa Performance, jina la prosesa limeandikwa pale juu kulia.

Pili, Windows 10 imeshafungwa tangu 14 Oktoba 2025. Haimaanishi inazima, inawaka kama kawaida, ila viraka vya usalama havitoki tena isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye ule muda wa nyongeza unaoishia 13 Oktoba 2026, na kujiandikisha kwenyewe kunawezekana bure ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi settingi zako huko. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, ukitoa chache sana za cha 7. Kwa hiyo zile 840 G3 na wenzake wa kizazi cha 6 zinazomwagwa sasa hivi kwa bei ya kutupa zinamwagwa kwa sababu hiyo. Fundi atakuambia nakupigia Windows 11 kwa njia ya kuzunguka, na kweli anaweza, lakini Microsoft wenyewe hawaahidi apdeti kwa mashine iliyoingizwa kwa dirishani. Ukiwa na laki tatu tu na umekutana na ya kizazi cha 6 yenye SSD, na kazi zako ni kuandika, kusoma na intaneti, weka Linux Mint 22 badala ya Windows, ni bure, na inapata apdeti mpaka 2029. Mwanafunzi wa uhandisi ndio usimpe hiyo, AutoCAD, programu ya michoro, haikai kwenye Linux.

Ukaguzi wa dukani watu wanauruka, wanaangalia mikwaruzo. Mkwaruzo hauna kazi. Fungua cmd (tafuta "cmd" kwenye Start) andika powercfg /batteryreport, itatengeneza faili, lifungue uangalie mistari miwili: betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa inajaza kiasi gani. Kama ilizaliwa na 50 na sasa inajaza 20, omba punguzo au omba abadilishe, usikubali neno lake kwamba inakaa masaa manne. Washa mashine ubonyeze kuingia BIOS (settingi za mashine yenyewe kabla Windows haijawaka), ikidai paswedi ambayo muuzaji haijui weka chini uondoke. Na hili la tatu wengi hawalijui: omba ipigwe Windows upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Kuna mashine zimesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni ilikotoka na hazikufutwa, ukipiga Windows upya inakuletea ukurasa wa kampuni ya watu inataka uingie na imeili ya mfanyakazi, na hapo ndio umeshalipa. Kibodi nayo iangalie, zilizotoka Ujerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, kwa mtu anayeandika ripoti usiku ni mateso.

*

Narudi kujibu hoja, maana nimeona nyingi na zingine za maana.

Aliyesema mitumba inatugeuza jalala la Ulaya. Mkuu hofu yako naiheshimu, ni kweli kuna kontena zinakuja na mashine zilizokufa, vioo vimepasuka, zinafunguliwa huku kunyofolewa shaba na mabaki yanachomwa karibu na nyumba za watu. Hizo zizuiwe, na sheria ipo, Mkataba wa Basel tangu 1 Januari 2025 unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kukubali. Lakini mashine inayowaka, yenye spea, iliyobakiza miaka ya kufanya kazi, hiyo sio taka. Niambie wewe, kati ya ile Celeron ambayo chipu moja ikifa mazabodi yote inatupwa, na T480 ambayo kila kiungo kinabadilishwa peke yake, ipi itafika jalalani mapema? Ukipiga marufuku mtumba mtoto wa mkulima hanunui laptopu ya milioni mbili, ananunua Celeron au anakosa kabisa.

Mzazi aliyesema anataka waranti. Hii hoja ina uzito na siwezi kuipuuza. Mpya kwa kawaida ina mwaka mmoja, ikizingua unarudisha. Lakini mzazi, waranti inafidia kilichoharibika, haifidii kilichozaliwa dhaifu, huwezi kurudisha laptopu dukani kwa sababu ni nzito kufungua SPSS. Duka la mtumba linalojiheshimu siku hizi linatoa miezi kadhaa kwa maandishi, dai hiyo na risiti ya EFD yenye namba ya mashine. Risiti inajibu pia hoja ya aliyesema nyingi ni za wizi, muuzaji anayeogopa kuandika serial namba kwenye risiti ameshakujibu.

Aliyesema simu inatosha, laptopu ni ufahari. Kwa baadhi ni kweli na tusiwabeze. Mtu anasoma cheti, kazi zake ni kusoma notsi na kuandika kurasa tano, simu yenye RAM ya kutosha na kibodi ya Bluetooth inamvusha, Google Docs anaandika na steshenari wanaprinti. Ila mwenye utafiti wa mwaka wa mwisho, ramani, michoro, mahesabu, usimwambie atumie simu, utakuwa unamtesa.

Kuhusu programu za kukrak, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli zitumike bure, hapa nitaongea kwa uchungu kidogo. Karibu kila mashine ya mwanafunzi ninayoifungua imejaa virusi, na mlango ni ule ule, mtu kazima antivairasi kama maelekezo ya krak yanavyosema, kisha kaendesha faili asilolijua. Siku tasnifu yake inafungwa na kirusi wiki ya kuwasilisha ndio analia mbele yangu na mimi sina cha kumfanyia. Na nyingi ya hizo programu huna haja ya kuziiba. Autodesk wanatoa AutoCAD bure kwa wanafunzi ukithibitisha usajili wako wa chuo. Badala ya SPSS ipo PSPP na ipo R, zote bure. Badala ya ArcGIS ya ramani ipo QGIS. Word ya kwenye brauza ni bure kwa akaunti ya kawaida, na LibreOffice haihitaji hata intaneti. Kama mhadhiri wako anang'ang'ania SPSS yenyewe, uliza maabara ya chuo kabla hujaenda kwa jamaa wa flashi.

Walioulizia Chromebook za bei rahisi, zile laptopu zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows: usiichukue bila kuangalia tarehe yake ya mwisho ya apdeti, imeandikwa kwenye settingi, nyingi za mtumba zimeshapita. Na MacBook Air ya 2017 inayopendwa sana na wadada wa chuo, nzuri kwa macho, betri zake zilikuwa za kuaminika, ila macOS, mfumo wake wa Apple, inaishia toleo la Monterey la mwaka 2021 na RAM haiongezwi.

Sasa hoja ya mwisho ambayo ndio naitaka ijadiliwe zaidi ya zote. Gari la mtumba linaloingia nchini linakaguliwa kwa viwango vya TBS (Shirika la Viwango), na mnunuzi anauliza limetembea kilomita ngapi, limetoka mwaka gani. Laptopu inauzwa kwa maneno matatu, "kali, i7, nyepesi". Napendekeza TBS na Tume ya Ushindani walazimishe kila kompyuta inayouzwa dukani, mtumba na mpya zote, iwe na kikaratasi cha Kiswahili chenye jina kamili la prosesa, RAM kiasi gani na kama inaongezeka au haiongezeki, aina ya diski, betri imebaki asilimia ngapi, na kama inapokea Windows 11 bila ujanja. Kwa muuzaji ni kazi ya dakika chache kwa mashine moja, vipimo vyote vimo ndani ya mashine yenyewe. Wenye maduka mliomo humu, mnaoona hili litawaua biashara, njooni mseme linawaua vipi.