Rekodi za uhusiano zimejirudia kwenye CiviCRM baada ya kuunganisha watu: nisafisheje?

Chumbageni_Data:
Habari zenu wakuu. Chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga kinatumia CiviCRM, mfumo wa kutunza taarifa za watu na wanachama. Orodha ya Muheza na ya Pongwe zilikuwa mbalimbali, zikaingizwa kwenye mfumo mmoja, kisha watu waliojirudia wakaunganishwa. Watu sasa wako sawa, ila uhusiano wao umebaki pachapacha. Huyu hapa mfugaji mmoja na kituo chake cha kukusanyia maziwa, aina ya uhusiano "hupeleka maziwa":

mstari 1: kuanza 2018-03-01, mwisho patupu, hai
mstari 2: kuanza patupu, mwisho patupu, hai
mstari 3: kuanza 2016-06-01, mwisho 2017-06-30, umezimwa

Ripoti ya kituo inamhesabu mara mbili. Wenye ndoa nao (kila uhusiano una upande A na upande B): mume yuko upande A kwenye mstari mmoja, upande B kwenye mwingine. Nataka kusafisha bila kupoteza historia. SQL (lugha ya kuuliza database) naijua.

Mkonge_SQL:
Kabla ya yote chukua bekapu ya database nzima, uirudishe kwenye seva ya majaribio uone kama inafunguka. Mtu akiunganishwa, rekodi yake ya ziada huingia kwenye kapu la taka na unaweza kuitoa. Uhusiano hauna kapu, ukifutwa ndiyo basi.

Mstari wa 3 uache. Aliacha kupeleka Juni 2017, akarudi Machi 2018. Hivyo ni vipindi viwili vya kweli. Nakala ni mistari yenye watu walewale, aina ileile, na vipindi vinavyoingiliana. Mstari wa 2 hausemi lolote ambalo wa 1 haujasema, huo ndio wa kuondoka. Na hauwezi kugunduliwa na mfumo wenyewe, kwa sababu ukaguzi wake wa nakala hutazama na tarehe: zikitofautiana, unauhesabu uhusiano mwingine.

Kuzitafuta:

SELECT relationship_type_id, contact_id_a, contact_id_b, case_id, COUNT(*), GROUP_CONCAT(id)
FROM civicrm_relationship
GROUP BY relationship_type_id, contact_id_a, contact_id_b, case_id
HAVING COUNT(*) > 1;

Safu ya case_id usiitoe. CiviCRM huhifadhi wahusika wa kesi (jalada la kumfuatilia mtu) kama uhusiano, kwa hiyo bwana mifugo mmoja akiwa mratibu wa mfugaji yuleyule kwenye kesi mbili, mistari yote miwili ni halali.

Kwa ndoa, na kila aina ambayo jina la A kwenda B ni lilelile la B kwenda A, weka LEAST(contact_id_a, contact_id_b) na GREATEST(contact_id_a, contact_id_b) mahali pa zile safu mbili. Kwa mzazi na mtoto usithubutu. Huko pande zikigeuka ni kosa la kuingiza, na SQL haiwezi kukwambia nani kamzaa nani.

Tarehe ndipo panapoharibika zaidi. MIN (ya mapema kabisa) ya kuanza haina neno. MAX (ya baadaye kabisa) ya mwisho ni mtego, maana huruka patupu: mstari mmoja uko wazi, mwingine umefungwa 2021, jibu linakuja 2021, na mfugaji anayeleta maziwa kila asubuhi anaonekana aliacha zamani. Kisha ile kazi ya ratiba inayozima uhusiano uliopitwa na tarehe inammalizia. Patupu pashinde, isipokuwa kama pametokana na orodha ambayo haikuwa na safu ya tarehe ya mwisho tangu mwanzo. Hapo patupu hapasemi kitu, fungueni daftari la kituo.

Bi_Pangani:
Nakubaliana na Mkonge, naongeza mawili anayoweza kuyaruka mtu akiwa na haraka.

Ruhusa. Safu za is_permission_a_b na is_permission_b_a zina 0, 1 na 2, na wengi hudhani 2 ndiyo kubwa. Sivyo: 0 ni hakuna ruhusa, 1 ni kuona na kuhariri, 2 ni kuona tu. Ukichukua MAX kati ya 1 na 2 umempunguzia mtu uwezo bila kujua. Ukichukua 1 kila mahali, umemfungulia mtu rekodi ya mwenzake aihariri. Zikitofautiana, mimi ningeweka iliyo ndogo kwa uwezo na kusubiri mtu alalamike.

Halafu sehemu za ziada mlizojiundia, tuseme namba ya ndoo au lita kwa siku. Hizo hukaa kwenye majedwali yao ya civicrm_value, zikishikiliwa na id ya uhusiano. Uhusiano ukifutwa nazo zinakwenda. Zihamishie kwanza kwenye mstari unaobaki.

Chumbageni_Data:
Ahsanteni sana. Sehemu ya ziada tunayo moja, namba ya ndoo, na kuna mahali mstari usio na tarehe ndio wenye namba hiyo. Je, nikishahamisha naweza kupiga DELETE moja kwa moja?

Mkonge_SQL:
Hapana. SQL tumia kutafuta tu, kufuta pitia API (njia ya programu kuiagiza CiviCRM yenyewe) au skrini. DELETE haiwaamshi walio nyuma ya pazia: mwajiri wa sasa wa mtu, na uanachama wa kurithi. Kama kaya inapata uanachama kupitia uhusiano, kagua watu kadhaa wa namna hiyo kila baada ya kufuta.

Kwanza zima mistari ya ziada (is_active = 0, kwa API pia), endesha ripoti ya kituo, linganisha na daftari. Ikilingana, ndipo ufute. Mistari yote inayoondoka itoe kwenye CSV (faili la jedwali la maandishi) yenye safu mbili za id, iliyoondoka na iliyobaki. Faili hilo lina taarifa za watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalihusu, kwa hiyo lisizungushwe WhatsApp.

Raskazoni:
Samahani kwa kuchelewa, ila mimi nimekwama kwenye "watu sasa wako sawa". Mmewaunganisha kwa kigezo gani? Kama ni namba ya simu peke yake, rudini nyuma kabla ya kugusa uhusiano. Simu moja hutumiwa na mke na mume, au na mzee na mjukuu anayempokelea malipo. Kanuni ya kutafuta nakala ipewe uzito hivi: simu 6, jina la kwanza 3, jina la mwisho 3, kizingiti 12. Hapo simu haiwezi kuamua peke yake. Ally na Ali, Hamis na Hamisi, hawatanaswa. Hao wapitieni kwa macho. Na rekodi mbili zenye uhusiano wa ndoa kati yao haziwezi kuwa mtu mmoja, ziondoeni kwenye foleni ya kuunganisha mapema. Simu zenyewe ziandikwe namna moja, 07 na +2557 zisichanganywe.

Kama mlitumia namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), ulizeni faili lilipitia Excel au la. Namba ina tarakimu 20, Excel inashika 15 tu na zinazobaki inazifanya sifuri. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kutokea na namba moja. Namba yoyote inayoishia na sifuri tano, mtafuteni mwenyewe na kadi yake. Safu hiyo iwekwe kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote.

Chumbageni_Data:
Muheza walituma Excel. Nimefungua sasa hivi, sifuri tano zimejaa. Naanza na bekapu ya kabla ya kuunganisha.