Mjadala: Anayesoma nje kwa ufadhili wa serikali alazimishwe kuzuru viwanda?

MLETA MADA
Wakuu, naiweka mezani. Anayesomeshwa nje uhandisi, usindikaji au biashara kwa ufadhili wa serikali, iwe yetu au ya nchi mwenyeji, azuru viwanda vinne kabla ya kurudi, na kila ziara aiandikie ripoti. Tuchukue mfano wa Japani. Wanaokwenda kwa ABE Initiative, mpango wa Japani wa kusomesha vijana wa Afrika, tayari wanaunganisha shahada ya uzamili na mafunzo ndani ya kampuni. Wengine wanamaliza miaka miwili kati ya hosteli na maktaba. Mimi nasema iwe lazima.

SPANA 17
Napinga, mkuu. Ziara ya kiwanda kikubwa ni maonyesho. Kwenye kiwanda cha kuunganisha magari unapitishwa daraja la juu, kisikilizio sikioni, simu marufuku kupiga picha. Utaonyeshwa kamba ya andoni: fundi akiona kasoro anaivuta, taa ya njano inawaka ubaoni, muziki unalia, kiongozi wa timu anakuja. Wakimaliza kabla gari halijafika alama ya mwisho ya kituo kile, kamba inavutwa tena na kazi inaendelea. Wasipomaliza, mkanda unasimama. Kila mgeni anarudi akisimulia kamba. Kamba hata Buguruni ipo! Kisichoonekana kutoka darajani ni kwamba kiongozi yule ana watu wachache tu na hajafungwa kwenye kituo cha kazi, yupo kwa ajili ya kuitwa, na kwamba anayevuta hafokewi. Ifunge kamba hiyo mahali ambapo msimamizi mmoja ana watu arobaini: mkanda utasimama kutwa, na wiki ya pili kamba itakatwa. Halafu karakana ya kuchonga kalibu (chuma kinachoipa bidhaa umbo), stoo ya spea na mtambo wa kusafisha majitaka, yaani vile vinavyoangusha viwanda vyetu, havimo kwenye njia ya wageni.

BINTI CHANG'OMBE
Spana, hapo tatizo ni kiwanda kilichochaguliwa. Tsubame na Sanjo, mkoani Niigata, ni miji ya vijiko, visu na zana za mikono. Karakana nyingi ni za watu wachache, na tangu 2013 kuna siku kadhaa za Oktoba zinapofungua milango kwa wageni. Pale unasimama hatua chache kutoka kwenye presi. Mimi ningemtaka mwanafunzi alete kipimo kimoja: muda wa kubadili kalibu. Saa ianze kipande kizuri cha mwisho cha bidhaa ya kwanza kinapotoka, isimame kipande kizuri cha kwanza cha bidhaa ya pili kinapotoka. Wengi wanasimamisha saa kalibu ikishafungwa, wakati bado vipande kumi vinatupwa kwa sababu havijakaa sawa.

Pigeni hesabu. Zamu ina dakika 480. Mkibadili mara sita kwa dakika 40, mmepoteza 240, nusu ya zamu. Mkishusha hadi dakika 10, mmepoteza 60. Kinachoshusha ni kalibu inayofuata kusubiri kwenye toroli kabla mashine haijazimwa, boliti zote kufunguliwa kwa spana ya saizi moja, na kimo cha kalibu zote kusawazishwa kwa bamba la chuma chini yake ili presi isirekebishwe upya. Hayo yanafanyika kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, bila roboti hata moja.

MKAGUZI WA NDANI
Nani analipa? Kuingia mara nyingi ni bure, nauli ndiyo inauma. Treni ya kasi kutoka Tokyo hadi Tsubame-Sanjo ni kama yeni 9,000 kwenda tu. Mwanafunzi wa uzamili anayefadhiliwa na MEXT, wizara ya elimu ya Japani, anapata posho ya yeni 144,000 kwa mwezi, kwa hiyo safari moja ya kwenda na kurudi inakula sehemu moja ya nane. Mlazimisheni bila nauli muone: ataenda kiwanda cha bia kilicho karibu na chuo, ataonja, ataandika ripoti.

WA THIKA
Wadau, kwani lazima iwe ziara? Huku Kenya mwajiri anakatwa ushuru wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanafunzi wanaenda atachimenti. Wiki nane ndani ya kiwanda zinashinda ziara mia. Na msiniambie viza. Ujerumani mwanafunzi wa kigeni ana siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, lakini mafunzo yaliyo ya lazima kwenye mtaala hayahesabiwi humo. Ya hiari yanahesabiwa. Mstari mmoja wa mtaala unabadilisha kila kitu.

BINTI CHANG'OMBE
Kwa Ujerumani sawa. Japani asiyesoma bango la onyo kwa Kijapani hawekwi kwenye presi, na hawakosei. Mwenye karakana akishakuona na ukauliza swali la maana, ndipo unapoweza kuomba nafasi.

MAMA NYUZI
Mnabishana huku mkiruka utaratibu, na ziara nyingi zinafia hapo. Barua ipitie kwa profesa wiki sita kabla, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, kundi lisizidi watu 15. Ikiwa shughuli ya chuo, bima ya ajali ya wanafunzi inahusika. Ukijiendea kivyako, usiitegemee. Epukeni katikati ya Agosti wakati wa Obon na zile sikukuu za mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, mtakuta mitambo imezimwa. Msifike saa sita mchana. Viatu vya kufunika, mtandio uchomekwe ndani. Kwenye kiwanda cha chakula pete na saa zinaachwa nje, na mwenye kuharisha abaki nyumbani.

Maswali yatangulie kwa barua pepe, kwa Kijapani. Anayewatembeza ni mtu wa uhusiano, hajui umeme unaotumika kwa kilo moja ya bidhaa. Akipewa mapema atamuuliza fundi. Na mkipima kazi, pimeni mizunguko 10, muandike mfupi kuliko yote na mrefu kuliko yote. Wastani peke yake unaficha ugonjwa.

SPANA 17
Karakana ndogo nakubali. Lakini ripoti nani ataisoma? Ikiishia kwenye faili la wizara ni karatasi tu. Iwe ukurasa mmoja: mashine gani, muda wa kubadili kalibu, kipuri gani kinachakaa upesi na kinatoka wapi. Ipelekwe SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa anakotoka.

MKAGUZI WA NDANI
Ukurasa mmoja unakagulika. Nauli ilipwe kwa ziara mbili, na ya pili itoke ukurasa wa kwanza ukishapokelewa.

MLETA MADA
Mbili nakubali. Neno "lazima" siliondoi.

WA THIKA
Basi na wiki nane zangu ziingie humo humo kwa wanaokwenda Ujerumani, la sivyo napiga kura ya hapana.